Jinsi ya kusawazisha flashi na mwanga wa mazingira katika picha za filamu

UGUMU wa flashi kwenye kamera ya filamu ni kwamba kosa halionekani hadi filamu isafishwe. Bi harusi aliyetoka mweupe kama karatasi, nyuma yake ukumbi mweusi tititi, hawezi kurudishwa madhabahuni apigwe picha upya.

Flashi humulika kwa muda mfupi mno, takriban sehemu moja ya elfu ya sekunde au chini ya hapo. Kwa sababu hiyo, kasi ya shata haiathiri mwanga wake. Unategemea tundu la lenzi na umbali wa anayepigwa picha. Mwanga wa jua au wa taa, kwa upande wake, hutegemea tundu pamoja na kasi ya shata. Hapo ndipo mpiga picha hupata nafasi ya kutawala kila mwanga peke yake.

Chukua flashi yenye namba ya uwezo 32 kwa mita, na filamu ya ISO 100. Mtu akiwa umbali wa mita 4, 32 hugawanywa kwa 4, nalo tundu huwa f/8. Iwapo kipimo cha anga la magharibi kwa f/8 ni 1/30 ya sekunde, kasi hiyo huhifadhi rangi za machweo. Ikipandishwa hadi 1/60, anga huzidi kukolea ilhali uso haubadiliki.

Kasi ina kikomo. Pentax K1000 huishia 1/60, na Nikon FM2 za baadaye 1/250. Ukikipita, pazia la shata huziba sehemu ya picha.

Kikomo hicho huuma zaidi adhuhuri, jua la utosini linapotia kivuli machoni na chini ya kofia. Filamu hiyo huhitaji f/16 kwa 1/125. Mwenye K1000 hulazimika kushuka hadi f/22 kwa 1/60, na flashi ile haimuliki ipasavyo kwa tundu hilo zaidi ya mita moja unusu. Mwenye FM2 hubaki kwenye f/16 na kusimama karibu mita 3, ambapo flashi huwa hafifu kuliko jua kwa nusu: kivuli hulainika bila kufutika.

Negativu za rangi huvumilia mwanga uliozidi kidogo. Slaidi hazisamehi.