Maji ya robine au maji ya chujio? Habari za mimea isiyoota udongoni

Mwaka juzi nilijaribu kupanda lengalenga bila udongo. Kwetu Uvira nyumba zimebanana, na kiwanja cha kulima sina. Nikakata bidoni kuukuu, nikaijaza maji pamoja na mbolea ya dukani, nikaweka juu ubao wenye matundu, nikapanda miche humo hata mizizi ikaning'inia majini. Nilikuwa nimesikia ya kuwa maji machafu huua mimea ya namna hii. Basi kila lita ya maji ya ziwa niliipitisha kwanza katika chujio letu la udongo, lile tulilolinunua kwa maji ya kunywa. Chujio hilo huenda polepole sana. Siku ya tatu mama watoto akanitazama, akasema: «Baba, lengalenga zinakunywa maji ya chujio. Na watoto je?»

Sikuwa na jibu. Na baada ya majuma mawili majani machanga yakageuka manjano, ingawa maji yalikuwa maangavu kama kioo. Ndipo nilipoanza kusoma, maana nilitaka kujua kosa langu ni lipi. Kumbe swali hili la maji gani yafaa si la jana. Watu wenye elimu wamelishindania zaidi ya miaka mia tatu.

Mtu wa kwanza tutakayemtaja ni Mbelgiji, yaani mwenyeji wa Brussels, jina lake Jan Baptist van Helmont. Alipanda mti mdogo wenye uzito wa ratili 5 katika chungu chenye udongo mkavu wa ratili 200. Akafunika chungu kwa bati lenye matundu ili vumbi lisiingie. Kwa miaka 5 hakuutia kitu ila maji, tena si maji yoyote: yalikuwa maji ya mvua, na mvua ilipokosekana, maji ya mvuke. Maana yake, maji huchemshwa, mvuke wake ukashikwa na kupozwa hata ukawa maji tena, na uchafu wote ukabaki chini ya chombo. Mwishoni mti ulikuwa na uzito wa ratili 169 na zaidi, na udongo ulipopimwa ulikuwa umepungua wakia 2 tu. Van Helmont akasema: Basi, mti wote umetoka katika maji. Alikufa mwaka 1644, na habari hizo zikachapwa katika kitabu chake mwaka 1648.

Alikosa, lakini tusimcheke. Hakujua ya kuwa majani hula hewa. Hilo lilifahamika baada ya zaidi ya miaka mia moja. Na zile wakia 2 alizidharau, na kumbe ndani yake mlikuwa na jambo kubwa.

Aliyezidhania ni Mwingereza, mganga John Woodward wa London. Yeye alikuwa mtu wa mizani. Mwaka 1691 alitia matawi ya mnanaa katika chupa, akaziba midomo kwa ngozi yenye tundu moja la kupitisha shina, ili maji yasitoke ila kwa njia ya mmea wenyewe. Chupa moja ilikuwa na maji ya chemchemi, ya pili maji ya mvua, ya tatu maji ya mto Thames, ambao siku zile ulipokea takataka za mji mzima. Baada ya siku 77 akapima. Mnanaa wa chemchemi ulikuwa umeongezeka grani 15, wa mvua grani 17 na nusu, wa Thames grani 26. (Grani 15 ni kama gramu moja.) Maji machafu kuliko yote ndiyo yaliyolisha vizuri kuliko yote!

Mwaka uliofuata akarudia kwa namna iliyo karibu zaidi na swali letu. Alichukua maji ya mfereji wa Hyde Park. Minanaa miwili aliiacha katika maji hayo kama yalivyo, mingine akaitilia udongo wa bustani, na mmoja akaupa maji yale yale yaliyokwisha kugeuzwa mvuke na kupozwa. Siku 56 zikapita. Ile ya maji ya mfereji iliongezeka grani 128 na 139. Mmoja uliotiwa udongo ulifika grani 284. Na ule wa maji safi kabisa? Grani 41 tu. Hata yale masalio mazito yaliyobaki chini ya chombo cha kuchemshia yalilisha kuliko mvuke wake: grani 94. Woodward akaandika habari hizo mwaka 1699, akasema ya kuwa mmea haufanywi kwa maji tu, bali kwa kitu fulani cha nchi kilichomo majini, na maji ni kama mpagazi wa kukileta.

Mimi namheshimu sana mtu huyu. Hakuwa na dawa za kupimia, hakujua jina la nitrojeni wala la potasi, lakini kwa mizani na chupa chache alionyesha ya kuwa maji safi mno ni maji yenye njaa.

Sasa, kama maji machafu ni bora, kwa nini baadaye wataalamu wakakimbilia maji safi? Sababu yake ni hii. Mnamo mwaka 1860 Wajerumani wawili, Julius Sachs na Wilhelm Knop, kila mtu mahali pake, waliweza kukuza mmea katika maji yenye chumvi chache tu zilizopimwa. Chumvi hizo zilileta nitrojeni, fosfori, potasi, chokaa, magnezi, salfa na chuma kidogo. Tangu siku ile mtu hakungoja tena maji yalete chakula. Alikitia mwenyewe. Na mwenye kupima chakula kwa gramu hataki maji yaliyokwisha kuwa na chakula ndani yake, maana hesabu yake itaharibika. Kwa hiyo walitumia maji ya mvuke. Si kwamba mmea unayapenda zaidi. Ni mpimaji ndiye anayeyahitaji. Tofauti hiyo watu wengi wameisahau, nami nilikuwa mmoja wao.

Na hata usafi ule haukutosha. Mwaka 1923 bibi mmoja Mwingereza, Katherine Warington, alionyesha ya kuwa maharagwe hufa pasipo boroni, ingawa yahitaji kidogo sana. Kule Berkeley, katika Marekani, mwaka 1939, Perry Stout na Daniel Arnon walitafuta kama mimea inahitaji shaba na zinki. Walipaswa kuyageuza maji mvuke tena katika vyombo vya kioo, kwa sababu maji yaliyopita katika vyombo vya madini huchukua shaba kidogo, na kidogo hicho kilitosha kulisha nyanya zao na kuficha ukweli. Mwaka 1954 mjini mle mle ikaonekana ya kuwa nyanya huhitaji hata klorini iliyo katika hali ya chumvi. Angalia basi: kile kitu tunachokilaumu katika maji ya robine, ndugu yake ni chakula cha mmea.

Tuseme neno juu ya klorini hiyo, maana ndiyo inayowatisha watu. Mji wa kwanza kutia klorini katika maji yake kwa kudumu ulikuwa Middelkerke, pwani ya Ubelgiji, mwaka 1902. Mwaka 1908 Jersey City katika Marekani ukafuata. Homa ya matumbo ikapungua sana katika miji iliyofanya hivyo, nasi tusiache kushukuru. Klorini ya namna hiyo ni kali, nayo ikizidi inaweza kuunguza mizizi. Lakini haipendi kukaa: ukiacha maji wazi katika ndoo pana tangu jioni hata kesho yake jioni, sehemu kubwa yake hutoka hewani. Miji mingine hutia klorini iliyounganishwa na amonia, ili idumu katika bomba ndefu. Hiyo haitoki kwa kungoja, bali hunaswa na makaa maalum ya kuchujia.

Basi wakulima wenyewe walichagua nini? Mwalimu William Gericke wa Berkeley, aliyeanza kutangaza kilimo hiki mwaka 1929 na kukipa jina la haidroponi mwaka 1937, aliwaambia watu ya kuwa kinaweza kutoka katika chumba cha elimu na kuwa kilimo cha kweli. Nyanya zake zilirefuka hata akapanda ngazi kuzichuma. Wenzake Hoagland na Arnon wakajibu kwa kitabu kidogo mwaka 1938: Njia hii ni nzuri, lakini haishindi udongo mzuri uliotunzwa vema. Naona walisema kweli, ingawa neno lao halikupendeza kama zile picha za ngazi.

Mahali pengine hapakuwa na kuchagua. Kisiwa cha Ascension, katikati ya bahari ya Atlantiki, ni mawe ya volkano tu. Mwaka 1945 askari wa anga wa Marekani walilima mboga huko katika changarawe, na maji yao yalikuwa maji ya bahari yaliyogeuzwa mvuke. Fikiri moto uliohitajika kwa kila kichwa cha saladi! Lakini mboga kuletwa kwa ndege kungegharimu zaidi.

Mwaka 1959 Sidney Loeb na Srinivasa Sourirajan, mjini Los Angeles, wakapata utando mwembamba unaopitisha maji na kuzuia chumvi yakisukumwa kwa nguvu. Tangu hapo maji bila chumvi hayahitaji moto, ila yahitaji pampu, tena sehemu ya maji yenyewe hutupwa pamoja na chumvi iliyozuiwa. Ni jambo la kupima vizuri mahali ambapo bidoni moja hubebwa kichwani kutoka mbali.

Hapa ndipo nilipolipata kosa langu. Neno «kuchuja» ni moja, machujio ni mengi. Chujio la mchanga au la udongo hushika matope na vijidudu. La makaa hushika klorini na harufu. Lakini kilichoyeyuka, yaani chokaa, magnezi na chumvi, hupita katika yote mawili kama sukari ipitavyo katika kichujio cha chai. Ule utando na mvuke ndivyo vinavyokizuia. Na maji ya ziwa Tanganyika yana magnezi nyingi, tena yana hali ya magadi. Katika maji ya namna hiyo chuma huganda, mizizi hushindwa kukinywa, na majani machanga huwa manjano. Chujio langu lilikuwa limeyafanya maji yawe maangavu bila kuyabadili hata kidogo kwa upande wa mmea. Nilikuwa nimewanyima watoto maji safi, nisiipe lengalenga faida yoyote. (Mwaka 1951, Berkeley tena, Louis Jacobson alionyesha namna ya kufunga chuma katika dawa fulani ili kisigande upesi. Mbolea za haidroponi zilizo bora huwa nacho. Ile yangu ya dukani ilikuwa ya shamba, haikuwa nacho.)

Maji ya robine yaliyo laini, kama yale ya mito mingi ya milimani kwetu, yakilala usiku na mchana katika ndoo wazi, yatafaa kwa mboga za majani. Mtu asinunue chombo cha bei kubwa kwa ajili yake. Maji ya kisima chenye chumvi ni habari nyingine: mmea hunywa maji na kuiacha chumvi, na chombo kikijazwa tena na tena chumvi huzidi hata mizizi ikaungua. Waholanzi, wenye nyumba nyingi za vioo karibu na bahari, walilijua jambo hilo, ndiyo maana wamechimba mabwawa ya kukusanya mvua ya mapaa yao.

Mvua nayo ina masharti. Mabati mapya hutoa zinki, na mwanzo wa mvua huosha vumbi na mavi ya ndege, kwa hiyo yapaswa kuachwa yapite. Ndugu zetu wa upande wa Goma wajihadhari zaidi, maana mvua inayopita katika moshi wa Nyiragongo huwa na uchachu pamoja na flori, nayo haifai kunywewa hivi hivi.

Mimi sasa nina pipa chini ya paa. Nachanganya mvua ndoo mbili na maji ya ziwa ndoo moja, ili magnezi na chokaa kidogo visikose, na chuma nakitafuta kile kilichofungwa. Lengalenga za mwezi uliopita zilikuwa kijani hata nchani. Mama watoto alizipika kwa mawese, akasema chumvi ndiyo iliyopungua. Chujio limerudi mezani.