Mnara wa Scott na Kamera Zilizouwahi

Mnara wa Scott uko Edinburgh, Scotland, kando ya barabara ya Princes Street. Urefu wake ni mita 61, mtindo wake ni wa Kigothi, na rangi yake ni nyeusi kama sufuria ya jikoni kwenye kuni. Ulijengwa kumkumbuka Sir Walter Scott, mtunzi wa mashairi na riwaya za kihistoria, aliyefariki mwaka 1832. Wasafiri huupiga picha mchana kutwa. Nao si wa kwanza, kwani huu ni miongoni mwa majengo makubwa ya mwanzo kabisa kupigwa picha yakiwa bado mikononi mwa mafundi.

Shindano la kutafuta mchoro wa mnara lilitangazwa mwaka 1836. Mmoja wa waliofanya vizuri alijiita John Morvo, jina la mwashi wa zama za kati anayehusishwa na abasia ya Melrose. Aliyejificha nyuma ya jina hilo alikuwa George Meikle Kemp, seremala, mtoto wa mchunga kondoo, aliyejifunza usanifu kwa kuyaendea makanisa ya kale kwa miguu na kuyachora. Mwaka 1838 mchoro wake, baada ya kuurekebisha, ulichaguliwa. Jiwe la msingi likawekwa tarehe 15 Agosti 1840, siku ya kuzaliwa kwa Scott. Kemp hakuiona kazi yake ikiisha: jioni moja ya Machi 1844 alitumbukia katika mfereji wa Union Canal na kufa maji. Jiwe la kileleni liliwekwa na mwanawe miezi michache baadaye, na mnara ukazinduliwa tarehe 15 Agosti 1846.

Kwa anayeutazama kutoka chini, mnara ni matao yaliyochongoka, vinara vinavyopandana kuelekea juu, na vishubaka ambamo wamesimama wahusika wa vitabu vya Scott. Mwenyewe ameketi katikati ya matao, amechongwa na John Steell kwa marumaru nyeupe ya Carrara, na mbwa wake Maida yuko ubavuni. Weupe huo ndio unaowatesa wapiga picha. Ukipima mwanga kwa ajili ya mnara, sanamu inaungua na kuwa doa jeupe; ukipima kwa ajili ya sanamu, mnara unageuka wino. Wapiga picha wa mwanzo hawakuwa na taabu hiyo, maana wakati wao jiwe lilikuwa bado jeupe-jeupe.

Miongoni mwao alikuwa Mwingereza William Henry Fox Talbot, mvumbuzi wa kalotaipu. Aprili 1844 alipiga picha Nguzo ya Nelson mjini London ikiwa haijakamilika; Oktoba mwaka huohuo akawa mbele ya mnara wa Scott. Kalotaipu ilikuwa karatasi iliyopakwa chumvi za madini ya fedha, ikatiwa ndani ya kamera na kuachwa ipate mwanga, mara nyingine kwa dakika kadhaa. Mpita njia asiyesimama hakuacha hata kivuli, ndiyo sababu mitaa ya picha hizo huonekana kana kwamba mji umehamwa. Faida yake ni kwamba negativu moja ya karatasi ilitoa nakala nyingi. Mwaka 1845 picha ya mnara ilitoka katika kitabu cha Talbot chenye picha 23 za Scotland, nyingi zikiwa za mahali panapohusiana na maisha au maandishi ya Scott: nyumba yake ya Abbotsford, magofu ya Melrose, ziwa la Loch Katrine. Desturi ya kufuata nyayo za mwandishi kwa kamera, basi, imeanza karibu sawa na kamera yenyewe.

Hata hivyo, picha bora za ujenzi si za Talbot. Mchoraji David Octavius Hill na kijana Robert Adamson waliungana mwaka 1843, wakiwa na studio yao kwenye kilima cha Calton, mwendo mfupi kutoka mnarani. Nao walitumia kalotaipu; hataza ya Talbot juu yake haikuihusu Scotland, kwa hiyo hawakudaiwa ada. Talbot alipiga jengo. Hawa waligeuza kamera kwa waashi. Katika picha yao mojawapo mafundi wako chini, kando ya mnyama wa kubuni aliyechongwa kwa jiwe, wametulia tuli kama yeye. Adamson alifariki mwaka 1848 akiwa na miaka 26 tu.

Weusi ulikuja baadaye. Jiwe la mnara ni jiwe la mchanga kutoka machimbo ya Binny, West Lothian, na lina mafuta ndani yake. Mafuta hayo yalinasa masizi ya mabomba ya moshi ya mji na ya treni zilizopita bondeni, kwenye stesheni ya Waverley, ambayo nayo imepewa jina la riwaya ya Scott. Katika miaka ya 1990 iliamuliwa mnara usisafishwe, kwa kuwa kuusugua kungeliumiza jiwe. Ulikarabatiwa tu, kwa mawe mapya ya Binny, na viraka hivyo vyeupe huonekana wazi pichani.

Kuna ngazi 287 za kupanda, nyembamba mno kuelekea kileleni. Anayebaki chini kutafuta pembe ya kuuingiza mnara mzima kwenye fremu mara nyingi huipa mgongo sanamu ya shaba iliyo upande wa mashariki: David Livingstone, yule wa Ujiji, ambaye mwili wake ulibebwa hadi Bagamoyo. Sanamu hiyo ni kazi ya Amelia Hill, mke wa David Octavius Hill.