Mzee akipaliwa kila mara, tusiseme ni uzee tu

Ni jambo tulilolizoea majumbani. Mzee yuko kwenye tonge la tatu, ghafla anakohoa hadi machozi yanamtoka. Mmoja anampiga mgongoni, mwingine anakimbilia gilasi: "Mpe maji!" Akitulia, watu wanaendelea kula. Kesho yake hali ni ileile, na jibu letu ni lilelile: uzee huo.

Nami nilijibu hivyo kuhusu mjomba wangu, mpaka alipolazwa kwa nimonia mara ya pili katika mwaka mmoja. Daktari akatuuliza swali ambalo hatukuwahi kujiuliza: "Huwa anakohoa akinywa chai?"

Kumeza ni kazi ya neva

Kati ya jozi 12 za neva zinazotoka kwenye ubongo, tano hushiriki katika kutafuna na kumeza. Ndizo zinazoamuru ulimi usukume chakula na njia ya hewa ifungwe, ili tonge liingie kwenye umio badala ya mapafu. Koromeo hulipitisha tonge kwa muda wa kama sekunde moja. Amri ikichelewa, chakula au mate huingia mapafuni na kuleta nimonia.

Umri hupunguza kasi ya kumeza kidogo, lakini kupaliwa mara kwa mara kuna sababu yake. Kubwa ni kiharusi: karibu nusu ya wagonjwa hupata shida ya kumeza siku za mwanzo. Kuna pia ugonjwa wa Parkinson na maradhi ya kupoteza kumbukumbu. Meno yaliyopungua na dawa zinazokausha mdomo huongeza tabu.

Dalili za kuangalia

- Kukohoa wakati wa kula au kunywa, au mara tu baada ya hapo.
- Sauti kuwa kama ina majimaji baada ya kumeza.
- Chakula kubaki shavuni, au mate kumtoka.
- Kula kwa muda mrefu sana, kukonda, au homa ya kifua inayorudi.

Wengine chakula huwaingia mapafuni bila kukohoa kabisa, kwa hivyo ukimya si uthibitisho wa usalama. Na ikiwa ni vyakula vigumu vinavyokwama kifuani huku maji yakipita, tatizo huenda liko kwenye umio. Hapo usichelewe, saratani ya umio ipo sana nchini kwetu.

Nyumbani tufanye nini?

Mkalishe wima, wala usimlishe akiwa amelala. Mpe kidogo kidogo, asubiri ameze ndipo umpe tena, na asizungumzishwe akiwa na tonge mdomoni. Akimaliza, abaki ameketi kwa muda wa nusu saa. Asafishwe kinywa kwa mswaki kila siku, kwani kinywa kichafu hupeleka vijidudu mapafuni.

Maji, chai na mchuzi mwepesi hukimbia koo kabla neva hazijajipanga, ndiyo maana mwingine hupaliwa na maji lakini uji mzito anaumeza. Lakini kiasi cha uzito kiamuliwe na mtaalamu wa kumeza, kwa sababu mgonjwa akinyimwa maji kwa kubahatisha atakaukiwa. Vidonge navyo visisagwe kabla ya kumuuliza mfamasia.

Akipaliwa na bado anakohoa kwa nguvu, mwacheni akohoe, na gilasi ikae mbali. Asipoweza kukohoa, kusema wala kupumua, mwinamisheni mbele na mpigeni kwa kiganja kati ya mabega hadi mara tano, huku mmoja wenu akiita msaada.

Kuzilinda neva

Presha na kisukari zidhibitiwe, na sigara iachwe. Anayetumia metformin kwa miaka mingi aulize kuhusu kupima vitamini B12, maana upungufu wake huharibu neva. Na mdomo ukipinda, mkono ukilegea au maneno yakivurugika ghafla, msimpe chochote cha kunywa wala dawa ya mdomoni. Mkimbizeni hospitali, kwani dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda hutolewa ndani ya saa 4 na nusu tangu dalili kuanza.

Mjomba sasa anakula akiwa ameketi kitini, polepole, na mmoja wetu yuko karibu. Chakula chake huchukua muda mrefu kuliko chetu, nasi tumejifunza kumngojea.