Steinlen na Kuta za Paris: Mchoraji wa Mabango na Watu Wake

Katika maduka ya vikumbusho ya Paris, na siku hizi katika maduka ya miji mingi isiyohusiana kwa lolote na Paris, huuzwa picha ya paka mweusi aliyeketi kitako, mgongo ameuelekeza upande, uso akiwa amemgeuzia mtazamaji kama mdai aliyekuja kutaka haki yake. Paka huyo hupigwa chapa juu ya vikombe, mifuko na fulana. Wengi wamnunuao hawajui ni nani aliyemchora. Na baadhi ya wale wanaolijua jina la mchoraji hawajui jambo jingine lolote juu yake ila paka. Makala haya yanakusudia kumtoa msanii nyuma ya paka wake. Théophile-Alexandre Steinlen, mzaliwa wa Uswisi, alishughulika maisha yake yote na swali ambalo sisi tushughulikao na lugha na fasihi hatuwezi kulikwepa: msanii atakaye kusema na umma, asemee wapi, na kwa fedha ya nani?

Steinlen alizaliwa mjini Lausanne tarehe 10 Novemba 1859. Alisoma kwa muda katika chuo cha mji huo, kisha akayaacha masomo na kwenda Mulhouse, mji wa viwanda vya nguo, ambako alijifunza kuchora nakshi za vitambaa. Kazi hiyo yafaa kukumbukwa. Mchora nakshi hufunzwa mapema kwamba picha itarudiwa mara maelfu, kwamba rangi ni gharama na hivyo zihesabiwe, na kwamba mstari usioeleweka kwa mbali ni mstari uliopotea. Alipofika Paris mwanzoni mwa miaka ya 1880, kijana huyo alikuwa tayari na mafunzo ambayo vyuo vya sanaa vya mji ule havikuyathamini, lakini ambayo kuta zake zilikuwa zikiyangoja.

Nasema kuta kwa sababu kuta za Paris zilikuwa zimebadilika. Sheria ya uhuru wa magazeti ya tarehe 29 Julai 1881 iliondoa vizuizi vingi vilivyokuwa vikiyabana maandishi na matangazo, na tangu hapo bango likawa halihitaji tena kibali cha mkubwa ili libandikwe. Sheria hiyo hiyo, hata hivyo, iliihifadhia serikali karatasi nyeupe. Amri na ilani za dola peke yake ndizo zilizoruhusiwa kuchapwa juu ya karatasi ya rangi hiyo; mfanyabiashara na mwanasiasa walipaswa kutafuta rangi nyingine. Hivyo mpita njia, hata asiyejua kusoma, aliweza kubaini kwa jicho tu ni nani anayesema naye: dola ilisema kwa weupe, na soko likasema kwa rangi.

Ufundi nao ulikuwa umekomaa. Katika uchapaji wa jiwe, yaani lithografia, mchoraji huchora kwa kalamu ya mafuta juu ya jiwe la chokaa lililosuguliwa likawa laini. Jiwe hutiwa maji, kisha hupitishiwa wino wa mafuta. Wino hushika palipochorwa na hukataa kushika palipolowa. Kila rangi huhitaji jiwe lake. Jules Chéret alikuwa amekwisha kuonyesha kwamba kwa mawe machache mtu aweza kupata rangi nyingi, na mabango yake ya wanawake wanaocheka na kurukaruka yalikuwa yameenea mjini. Steinlen alichukua ufundi wa Chéret, lakini hakuwachukua wanawake wake wanaocheka.

Alikaa Montmartre, kilima kilichounganishwa na mji wa Paris mwaka wa 1860, na ambako mwaka wa 1871 kulianza maasi ya Komuni yaliyokuja kuzimwa kwa damu nyingi. Kodi za nyumba zilikuwa nafuu huko, na kumbukumbu za maasi zilikuwa bado hai. Rodolphe Salis alikuwa amefungua huko, mwaka wa 1881, ukumbi wa vinywaji, nyimbo na mashairi ulioitwa Chat Noir, yaani Paka Mweusi, wenye gazeti lake na baadaye mchezo wa vivuli uliosifika sana. Steinlen akawa mmoja wa wachoraji wa gazeti hilo. Salis alipohamia jengo kubwa zaidi mwaka wa 1885, mwimbaji Aristide Bruant alilichukua lile la zamani na kufungua ukumbi wake mwenyewe, Mirliton. Bruant aliimba habari za makahaba, wezi na vibarua kwa lugha yao wenyewe, lugha ya vichochoroni ambayo wasomi wa Kifaransa waliihesabu kuwa uchafu. Steinlen alizichorea nyimbo hizo picha. Naona urafiki huu ulimfaa kuliko shule yoyote. Katika nyimbo za Bruant alisikia kwamba mtu wa chini akiachwa aseme kwa lugha yake hahitaji mkalimani. Na yeye akaanza kutafuta mstari ambao ungefanya katika picha kazi ile ile iliyofanywa na lugha ya vichochoroni katika wimbo.

Hapa naomba kuchepuka kidogo, kwani jambo hili litawapendeza wasomaji wa majina. Jina Steinlen, kwa masikio ya wasemao Kijerumani, lina sauti ya jiwe dogo. Katika gazeti la Bruant alitumia jina la bandia Jean Caillou, na neno hilo la pili ni changarawe kwa Kifaransa. Katika gazeti la kisoshalisti la Le Chambard alijiita Petit Pierre, jina liwezalo kufasiriwa Petro Mdogo au, kwa utani ule ule, jiwe dogo. Huyu ndiye mtu aliyepata riziki yake kwa kuchora juu ya mawe. Mswahili angemwita Kijiwe, na jina lingemkaa vizuri zaidi, maana kijiwe kwetu ni pia mahali wakaapo vijana wasio na kazi kando ya njia, na hao ndio aliowachora.

Kati ya mabango yake, yapo matatu ambayo yatosha kutuonyesha njia aliyoipita. La kwanza ni la mwaka wa 1894, la maziwa yaliyotokoswa ili kuua vijidudu, kutoka bonde la Vingeanne. Msichana mdogo aliyevaa nguo nyekundu anakunywa maziwa kwa bakuli, na paka watatu wamemkodolea macho kwa tamaa. Msichana huyo ni Colette, binti wa mchoraji, aliyezaliwa mwaka wa 1888. Bango halina ng'ombe, wala kiwanda, wala sifa ndefu za bidhaa. Siku zile maziwa machafu yaliwaua watoto wengi wa miji, na tajiri wa maziwa alikuwa akiuza, pamoja na bidhaa yake, faraja ya mzazi. Steinlen aliitia faraja hiyo katika kimya cha mtoto anayekunywa. Hakuna maneno ambayo yangeweza kusema hivyo bila kusikika kuwa ya mchuuzi.

La pili ni la mwaka wa 1896, nalo kwa maoni yangu ndilo kilele cha kazi yake. Liliagizwa na mchapaji Charles Verneau kutangaza kiwanda chake cha mabango. Linaitwa La Rue, yaani Barabara. Lilichapwa katika karatasi kadhaa zilizounganishwa ukutani, likapata upana wa mita 3 hivi na kimo cha karibu mita 2.4, kiasi kwamba watu waliochorwa walikaribia kimo cha watu walio hai. Yupo dobi na kapu lake, wapo mafundi waliovaa nguo za kazi, yupo bwana mwenye kofia ndefu, yupo mtoto. Hawatazamani. Kila mmoja ana haraka yake, kama ilivyo desturi ya njia kuu. Sasa hebu tulifikirie bango hilo likiwa limebandikwa mahali pake, si katika jumba la makumbusho. Dobi wa kweli anapita na kapu lake la kweli, anainua macho, anamwona dobi mwenziwe ukutani, mkubwa kama yeye, amepewa nafasi sawa na ya bwana mwenye kofia. Kwa karne nyingi picha kubwa kiasi hicho zilikuwa za wafalme, watakatifu na majemadari. Verneau alilipa ili apate wateja, na Steinlen akautumia ukuta uliolipiwa na tajiri kuwaonyesha watu wa barabarani sura zao.

La tatu ni lile la paka, la mwaka huo huo wa 1896, lililotangaza safari ya wasanii wa Salis katika mikoa. Kichwani paka ana duara la nuru kama lile ambalo wachoraji wa kanisa huwazungushia watakatifu. Ni mzaha wa walevi wa Montmartre, wala si zaidi. Salis alifariki mwaka wa 1897 na ukumbi wake ukafa naye. Bango likabaki kutangaza onyesho ambalo halingeonekana tena.

Laiti Steinlen angeacha mabango pekee, tungemhesabu kuwa fundi hodari wa biashara na kumwacha hapo. Lakini mkono ule ule ulikuwa ukifanya kazi nyingine. Tangu mwaka wa 1891 alitoa mamia ya michoro kwa Gil Blas illustré, gazeti lililochapisha hadithi na nyimbo, na humo barabara ya Paris ilienea nchi nzima. Wanahistoria wa sanaa wameziona alama za michoro yake katika kazi za ujanani za Picasso. Katika Le Chambard, wakati bunge la Ufaransa lilipokuwa likipitisha sheria kali za kuwabana wanamapinduzi, Steinlen alichora wachimba migodi, wafungwa na akina mama wenye njaa. Alichora katika La Feuille, gazeti la karatasi moja la Zo d'Axa, katika miaka ya kesi ya Dreyfus, na baada ya mwaka wa 1901 katika L'Assiette au Beurre. Mwaka huo huo wa 1901 alipata uraia wa Ufaransa, na pia ndipo ilipotoka, pamoja na picha zake, hadithi ya Anatole France juu ya Crainquebille, mchuuzi mzee wa mboga anayefungwa kwa neno ambalo hakulisema, kwa kuwa hakimu huamini ushahidi wa askari kuliko wa mchuuzi.

Yawezekana kuuliza: je, huyu si mtu wa ndimi mbili? Asubuhi anamsaidia bepari kuuza chokoleti na pikipiki, jioni anamlaani bepari huyo huyo kwa jina la bandia. Swali hili halijibiwi kwa kupuuzwa, na lipo bango moja linalolitia nguvu. Mwaka wa 1899 alichora tangazo la hadithi ya mfululizo, katika gazeti la Le Journal, iliyohusu biashara ya wanawake. Tunaona wanawake wanaolia na mwanamume anayewatoa sokoni. Uchi wa mmoja wao uliwaudhi wakubwa, na ikabidi afunikwe. Huruma ya mchoraji haina shaka. Hata hivyo, machozi hayo yaliuza gazeti, na mwanamke aliyeuzwa katika hadithi aliuzwa mara ya pili ukutani. Katika bango hilo naona tajiri alimshinda msanii, hali katika La Rue msanii ndiye aliyemshinda tajiri. Sidhani kwamba Steinlen mwenyewe alijua daima, alipokuwa akiinamia jiwe, safari hii angeshinda nani. Asiyetaka kuingia katika shindano hilo angebaki na vyumba vya maonyesho, ambako dobi hakuingia.

Vita Kuu vilipozuka mwaka wa 1914 hakuwa kijana tena. Alichora mabango ya kuwachangia askari wa mahandaki, Wabelgiji wenye njaa na Waserbia waliofukuzwa kwao. Ni watu wale wale wa barabarani, safari hii wakiwa na mizigo yao yote mgongoni. Jemadari au bendera ni nadra kuvikuta.

Katika miaka yake ya mwisho iko habari moja ambayo haikosi kumgusa msomaji wa Afrika. Baada ya kufiwa na mkewe Émilie, Steinlen aliishi na mwanamke wa Kibambara kutoka Afrika Magharibi, aliyekuwa mwandani wake na kielelezo cha michoro yake. Alimchora mara nyingi, mara nyingine akiwa uchi, amejilaza kwa mtindo ambao wachoraji wa Ulaya waliwazoea nao wanawake wa ndoto zao za mbali; na katika picha hizo mchoraji wa barabara asahaulika, twamwona Mzungu wa zama zake. Katika nyingine uso wake umetulia, mzito, umechorwa kwa subira ile ile waliyopewa dobi na mafundi wa La Rue. Kibambara, lugha aliyozaliwa nayo, leo husemwa na mamilioni ya watu nchini Mali, na hufundishwa katika vyuo vya Afrika na vya Paris yenyewe. Steinlen alifariki Paris mwezi wa Desemba 1923, akazikwa katika makaburi ya Saint-Vincent, Montmartre. Dobi wa mwaka wa 1896 hakuandikiwa jina. Mwanamke wa Kibambara aliandikiwa moja, na ndilo lililobaki katika anwani za picha zile: Masseïda.