Kule Mlimani Tunakula Wapi?

Wasee, kila nikiposti picha za Nanyuki swali ni lile lile: kule mlimani mtu anakula wapi poa? Nitawajibu, lakini itabidi mnivumilie kidogo na historia.

Desemba tulienda wanne. Tukaingia hoteli moja ya kitalii chini ya Mlima Kenya. Menyu ilipoletwa tukaangaliana tu. Supu peke yake ingemeza nauli ya mtu kurudi Nairobi. Tukanywa chai, tukapiga picha, tukatoka. Soja wa geti akatuuliza, "Vijana wangu, hamjala, ama?" Tukamwambia, "Bado, mzee." Akatuelekeza nyuma ya soko, kwa hoteli ya mabati. Mukimo, mbuzi ya mchuzi, chai ya maziwa. Tulishiba sote wanne kwa pesa isiyofika ya supu mbili.

Sasa angalia hilo neno, hoteli. Wakenya tunaliita jumba la kitalii hoteli, na kibanda cha chapo madondo pia hoteli. Lakini hizo mbili hazikujengewa watu wamoja.

Outspan ilijengwa Nyeri mwaka wa 1928. Treetops, ile ya juu ya mti, ikafuata mwaka wa 1932 kule Aberdare. Zote zilikuwa za Wazungu. Mwafrika aliingia kupika, kufua na kubeba mizigo, si kuketi mezani. Februari 1952, Elizabeth alikuwa mgeni Treetops usiku ambao babake alifariki, naye akawa malkia. Oktoba mwaka huo huo, serikali ya kikoloni ikatangaza hali ya hatari. Mwaka wa 1954 Treetops ikachomwa wakati wa vita vya Mau Mau.

Hapo ndipo swali la "tunakula wapi" likawa la kufa na kupona. Wapiganaji walikuwa msituni, na chakula chao kilitoka kwa wanawake waliokibeba kwa siri. Waingereza walijua hilo. Zaidi ya watu milioni moja walitolewa makwao na kurundikwa kwenye vijiji vilivyolindwa na askari. Kando ya msitu wa Mlima Kenya, raia walilazimishwa kuchimba mtaro wa makumi ya kilomita, ili hata gunia la viazi lisivuke. Njaa ilikuwa silaha.

Halafu skia hii. Mwaka wa 1959, hali ya hatari ikiwa bado haijaondolewa, mwigizaji wa Marekani William Holden na wenzake wakaanzisha Mount Kenya Safari Club pale Nanyuki. Mlima ni ule ule. Huku matajiri wanakaribishwa mezani, huku watu bado wako chini ya sheria za vita.

Sisemi usiingie hoteli kubwa. Ukiwa na doo, ingia, leo hakuna wa kukuzuia. Ninachosema ni kwamba upishi wa huko haukuanzia kwenye menyu. Kwa hivyo fanya hivi: fuata madereva wa matatu na akina mama wa soko. Fika kabla ya saa saba, sufuria zikiisha zimeisha. Usiulize menyu, uliza leo kumepikwa nini. Na tafadhali, usibishane bei na mtu aliyeamka saa kumi usiku kumenya viazi.

Yule mama wa mukimo nilimuuliza alifunzwa na nani. Akasema mamake, aliyekulia kwenye kile kijiji cha kulindwa, ambapo ilibidi moto uzimwe kabla ya kafyu. Kisha akaniongeza kijiko kingine bila kuniuliza. "Kula, kijana. Hapa hakuna mtu anatoka na njaa."