Taa ya mfuko wa hewa haifai kupuuzwa

MAGARI mengi yanayovuka daraja la Mbita kuingia kisiwa cha Rusinga, Kaunti ya Homa Bay, yalitumika kwanza Japani kabla ya kuuzwa Kenya. Mengi yana mifuko ya hewa, ambayo hufura upesi kuliko kupepesa kwa jicho gari linapogonga, ili kumkinga dereva na usukani. Taa ya dashibodi yenye picha ya mtu na mfuko, au herufi SRS, ndiyo ielezayo iwapo mifuko hiyo iko tayari.

Ufunguo ukizungushwa, taa huwaka kwa sekunde chache kisha ikazima. Ikiendelea kuwaka, kompyuta ya mfumo imegundua hitilafu na huenda mfuko usifunguke ajali itokeapo. Isipowaka kabisa, mnunuzi ana sababu ya kushuku zaidi: pengine mifuko ilikwisha kufunguka katika ajali ya awali, na taa ikakatwa ili kuficha.

Chanzo mara nyingi huwa kidogo. Viungio vya nyaya chini ya viti hulegea kiti kinaposukumwa, au hushika kutu vikiingia maji. Utepe wa nyaya uliomo ndani ya usukani nao hukatika; dalili yake ni honi kunyamaza taa inapowaka. Betri dhaifu au kifungio kibovu cha mshipi wa usalama pia huweza kuiwasha.

Fundi huanza kwa kusoma msimbo wa hitilafu kwa kifaa maalumu. Vifaa vingi vya bei nafuu husoma injini pekee. Kufuta msimbo bila kurekebisha chanzo ni kazi bure, taa itarudi. Kabla ya kugusa nyaya hizo, ambazo aghalabu huwa na viungio vya manjano, hana budi kutenganisha waya hasi wa betri na kusubiri dakika kadhaa, kwani mfumo huhifadhi umeme. Asiupime mfuko wenyewe kwa mita: mkondo mdogo waweza kuulipua.

Hata hivyo, taa iliyozima si hakikisho kamili. Baruti ya mifuko mingi ya Takata, kampuni ya Japani iliyofilisika mwaka wa 2017, hudhoofishwa na joto na unyevu wa miaka mingi, hata mfuko ukifunguka ukarusha vipande vya chuma. Kasoro hiyo haiwashi taa. Mwenye gari, hasa katika mazingira ya joto na unyevu kama ya kando ya ziwa, aulize kwa kutumia nambari ya chasi iwapo mtengenezaji aliagiza gari lake lirudishwe kurekebishwa.