Ukuta wa watu watano: Jinsi Kansas City Chiefs walivyoijenga upya safu yao ya mbele

MTAZAMAJI aliyezoea raga anapoitazama kandanda ya Kimarekani kwa mara ya kwanza, macho yake humwandama kwotabeki, yaani mrushaji mpira, pamoja na wale wanaotimka mbio kuudaka. Majabali watano walioinama mbele yake hupuuzwa. Kwa kawaida hawaruhusiwi kudaka pasi, na mtangazaji hulitaja jina la mmoja wao anapokosea tu.

Kazi yao katika raga ingekuwa kosa: kumzuia mpinzani asiye na mpira. Katikati husimama senta, anayeanzisha mchezo kwa kuupitisha mpira kati ya miguu yake. Kandokando yake wapo magadi wawili, kisha wakingaji wawili wa pembeni. Yule wa kushoto huthaminiwa zaidi kwa kuwa mrushaji anayetumia mkono wa kulia huupa upande huo mgongo. Wote hutumia kifua na mikono. Anayemng'ang'ania mpinzani, timu yake hurudishwa nyuma yadi 10.

Ubora wa ukuta huu ulidhihirika ulipokosekana. Mnamo Februari 7, 2021, Kansas City Chiefs walishuka uwanjani mjini Tampa kwa fainali ya Super Bowl bila wakingaji wao wawili wa pembeni, Eric Fisher na Mitchell Schwartz, waliokuwa majeruhi. Gadi Laurent Duvernay-Tardif, ambaye ni daktari, hakucheza msimu huo. Alichagua kuwahudumia wazee nchini Canada wakati wa janga la corona. Waliobaki walihamishwahamishwa nafasi, nao Tampa Bay Buccaneers wakapenya watakavyo. Patrick Mahomes, mrushaji hodari kuliko wengi wa kizazi chake, alikimbizwa huku na huko usiku kucha. Chiefs walilazwa 31-9, pointi zao zote zikitokana na mikwaju mitatu.

Viongozi wa klabu hawakungoja. Machi mwaka huo waliwaachilia Fisher na Schwartz, wakamsajili gadi Joe Thuney kwa mkataba wa miaka mitano wenye thamani ya dola milioni 80. Aprili wakamtwaa Orlando Brown kutoka Baltimore Ravens, wakitoa nafasi yao ya raundi ya kwanza katika uteuzi wa chipukizi. Senta Creed Humphrey aliteuliwa wa 63. Trey Smith alisubiri hadi nafasi ya 226, kwani timu nyingi zilihofia historia yake ya damu kuganda mapafuni. Huyu ndiye aliyekuwa biashara nzuri kuliko wote, kwa maoni ya mwandishi huyu. Msimu mpya ulipoanza, hakuna hata mmoja kati ya wale watano aliyekuwa ameanza fainali ya Tampa.

Lakini kununua watu ni nusu ya kazi. Kocha wa safu hiyo, Andy Heck, ambaye naye aliwahi kucheza nafasi hiyo, alipaswa kuwafundisha kusonga kama mtu mmoja. Zipo mbinu mbili kuu za kumfungulia njia mkimbiaji. Ya kwanza ni ya nguvu: kila mkingaji hupewa mtu wake amsukume, na pengine gadi mmoja huzunguka nyuma ya wenzake kwenda kuongeza uzito upande wa pili. Ya pili ni ukingaji wa eneo, ambapo wote watano hupiga hatua upande mmoja na kila mmoja humkabili yeyote anayeingia mahali pake. Wawili huweza kumsukuma mmoja kwa pamoja, kisha mmoja wao akamwacha na kumfuata mlinzi wa nyuma. Mkimbiaji naye husubiri pengo lifunguke. Alex Gibbs aliitumia mbinu hii Denver Broncos akiwa na wakingaji wepesi kuliko kawaida. Mwaka 1998 mkimbiaji Terrell Davis alitimiza yadi 2,008.

Katika pasi, mambo hugeuka. Mkingaji hurudi nyuma huku akichunga miguu isipishane, na wavamizi wawili wanapobadilishana njia, yeye na jirani yake hukabidhiana kwa kufumba na kufumbua. Maelewano hayo hayaji kwa wiki moja.

Matunda yalionekana Februari 12, 2023. Philadelphia Eagles walifika fainali wakiwa wamewaangusha wapinzani 70 wakiwa na mpira mkononi katika msimu wa kawaida. Usiku huo hawakumwangusha Mahomes hata mara moja, ijapokuwa alichezea kifundo kilichoumia. Chiefs walishinda 38-35. Mkingaji wa kulia alikuwa Andrew Wylie, mmoja wa waliozidiwa kule Tampa.

Hata hivyo, ukuta huchakaa. Brown alihamia Cincinnati mwaka 2023, na kufikia mwisho wa 2024 Thuney alilazimika kutoka ndani kwenda kuziba pembe ya kushoto. Eagles walilipiza kisasi Februari 9, 2025: walimwangusha Mahomes mara sita na kushinda 40-22, bila hata kuongeza wavamizi zaidi ya wale wanne wa kawaida. Mwezi uliofuata Thuney aliuzwa kwa Chicago Bears, na Aprili Chiefs wakatumia nafasi yao ya kwanza kumteua Josh Simmons, mkingaji wa kushoto.